Fuvu Moja, Wenyewe Wawili

"Toa mkono wako kwenye kichwa cha mtu wangu!"

Sauti hiyo ilikata rozari katikati, na wanawake wote waliokuwa wamejazana chini ya kanisa la Santa Maria ya Kisima Kikavu wakageuka. Ilikuwa Jumatatu, siku ya roho za toharani, na siku hiyo katika mtaa wa Sanità, Napoli, hakubaki mwanamke nyumbani. Walishuka kwenye chumba cha mifupa na mishumaa, vitambaa vya vumbi na maua yaliyofungwa kwenye gazeti, wakisukumana kama wako sokoni, kila mmoja akimwendea wake. Wake, maana yake fuvu lake. Yalikuwa maelfu huko chini, yamepangwa mpaka darini, mafuvu ya watu wa tauni ya zamani waliotupwa bila jina wala jeneza. Ulijichagulia moja, ukalisafisha, ukalijengea kijumba cha mbao, ukaliombea lipoe moto wa toharani. Nalo likishapoa lilikukumbuka kwa zawadi: mume, kazi, namba za bahati nasibu. Na likikupenda sana lilikujia ndotoni, likakutajia jina lake.

Aliyepiga kelele aliitwa Nunzia, mshona glavu, miaka ishirini na tisa. Siku hiyo alivaa sketi nyeusi iliyomkaa vizuri, blauzi nyeupe iliyopigwa pasi mpaka kola ikasimama yenyewe, na hereni za marijani alizoachiwa na mama yake. Aliyekuwa akifokewa ni mwanamume mrefu mwenye suti ya kijivu, kitambaa cheusi cha msiba kimeshonwa kwenye mkono wa koti. Alikuwa ameshika fuvu kwa mikono miwili, kama anayemwogesha mtoto.

"Samahani, dada," alisema. "Mtu wako yupi?"

"Huyo huyo! Mwenye ufa juu ya jicho na jino moja mbele. Miaka kumi na moja namfuta vumbi. Hicho kijumba nimenunua mimi. Hako kamto nimeshona mimi, kwa mabaki ya glavu za wake wa matajiri. Weka chini!"

"Mwenye ufa juu ya jicho na jino moja mbele ni wa mama yangu. Alimchukua wakati wa vita. Mabomu yanaanguka juu, yeye yuko huku chini anampigia soga. Juzi amenishika mkono akaniambia, Catello, usimwache yule mtu wangu, akakata roho. Hata mwezi haujaisha."

"Pole kwa msiba. Na miaka kumi na moja yote huyo mama yako alikuwa wapi? Mimi nilimkuta huyu ana utando wa buibui mpaka puani!"

"Alikuwa kitandani, amepooza! Ulitaka aje akitambaa?"

"Masikini," alisema mwanamke mmoja.

"Masikini nini? Aliyeachwa ameachwa," alijibu mwingine.

Sheria ya huko chini ilikuwa hiyo: fuvu lililotelekezwa ni la atakayeliokota. Lakini mtu aliyepooza ametelekeza, au amezuiwa? Hapo watu wakagawanyika, wakaanza kupigana vikumbo, na mshumaa wa mmoja ukaangukia shali ya mwenzake. Sakristani, mtunza kanisa, mzee mwenye kikohozi kingi na subira kidogo, akaja akigonga funguo ukutani.

"Nyie! Mnawaamsha marehemu! Dada aje asubuhi, kaka mchana. Nikisikia neno la pili nalirudisha kwenye lundo, mkalitafute wote wawili mpaka siku ya kiyama."

Nunzia alipanda ngazi akiwa mwekundu mpaka masikioni. Catello alimtazama mpaka hereni zikapotea kwenye mwanga wa juu, na ndipo akagundua kwamba bado ameshika fuvu.

Vita ikaanza. Jumatatu iliyofuata Nunzia alikuta mawaridi mekundu mbele ya kijumba, na kikaratasi: "Dada wa asubuhi, mtu wetu hapendi kudondoshewa nta. Catello, wa mchana." Mawaridi aliyahamishia kwa fuvu la jirani. Kikaratasi alikigeuza akaandika: "Kaka wa mchana, mtu WANGU hajalalamika. Na ukome kumwekea sigara, hana mapafu."

Baada ya wiki nne za vikaratasi, simu ikaanza kulia kwenye mkahawa wa Don Mimì, ambao ndio uliokuwa na simu pekee ya kichochoro chao. Don Mimì alitoka nje na aproni yake, akainua uso mpaka ghorofa ya nne.

"Nunziaaa! Simu! Yule wa juu ya nguzo!"

Kichochoro kizima kilitoa vichwa madirishani. Catello alikuwa fundi wa nyaya za simu, na kila alipopanda nguzo alining'iniza kisimu chake cha kupimia kwenye mkanda. Serikali ililipa.

"Unataka nini?" Nunzia aliuliza, akihema kwa kushuka ngazi.

"Nataka kujua kama mtu wetu alilala vizuri."

"Mtu wangu. Mbona upepo hivyo, uko wapi?"

"Juu, kilima cha Capodimonte. Naiona nyumba yenu. Nayaona mashuka yenu. Lile la maua ni lako?"

"Angalia nyaya zako! Ukianguka nitabaki na mafuvu mawili ya kufuta."

"Kumbe ungenifuta?"

"Kwa brashi ya waya."

Don Mimì, aliyekuwa akijifanya anaosha kikombe kimoja kwa dakika tano, alicheka mpaka akakivunja.

Basi wakaanza kuonana. Jumapili walikula pizza ya kukaanga wakiwa wamesimama, mafuta yakitiririka mpaka kwenye viwiko, yeye Nunzia na gauni lake la samawati, Catello na shati jeupe ambalo halikuwahi kurudi nyumbani jeupe. Waligombana kuhusu kila kitu. Waligombana kuhusu timu ya mpira, kuhusu chumvi, kuhusu nani alimwona nani kwanza. Watu waliowapita walidhani ni mke na mume wa miaka ishirini.

Mwezi wa kumi na moja, mbele ya mlango wa kanisa, Catello alivua kofia.

"Nunzia, roho yangu. Nataka nikuoe."

Nunzia alirudi nyuma hatua moja. Kwake yeye kurudi nyuma lilikuwa jambo la kutisha.

"Siwezi," alisema. "Sina baba."

"Hata mimi sina."

"Wewe wako ana kaburi. Wangu alikwenda Urusi na jeshi, mwaka arobaini na mbili. Nilikuwa na miaka mitatu. Hakuna barua, hakuna mwili. Manispaa walimpa mama hati asaini, kwamba anadhaniwa amekufa. Alikataa. Kila Krismasi alimwekea sahani mezani mpaka alipokufa yeye. Sasa naiweka mimi. Nikisaini, nimemuua. Nikiolewa bila yeye, nani atanishika mkono mpaka altareni? Na akirudi je?"

"Baada ya miaka ishirini na sita?"

"Watu wamerudi."

"Baada ya ishirini na sita, Nunzia?"

"Usinipigie hesabu!" Machozi yalimtoka kwa hasira. "Unajua kwa nini nilimchukua yule mwenye ufa? Kwa sababu sina mfupa wa baba yangu, nikasema nitunze mfupa wa mtu, labda huko kwenye theluji kuna mwanamke anatunza wa kwangu. Wenzangu wote wanaota. Wanatajiwa majina, wanaonyeshwa watu wao. Mimi miaka kumi na moja sijaota hata kisigino. Siku atakayonijia akaniambia baba yuko wapi, nasaini siku hiyo hiyo na unanioa siku hiyo hiyo. Kabla ya hapo usiniulize tena."

Catello alirudisha kofia kichwani. Njia nzima hakubishana naye hata kidogo, na hilo Nunzia angelikumbuka baadaye.

Wiki mbili zilipita. Asubuhi moja ya mvua, hata Don Mimì hajamaliza kufungua mlango, simu ikalia.

"Nunzia? Nimemwota."

"Nani?"

"Mtu wetu. Yule mwenye ufa. Alisimama miguuni pa kitanda, lakini hakuwa mifupa, alikuwa mtu. Akasema, niko na mgeni, ananiomba nimsemee. Nyuma yake kulikuwa na theluji. Katika theluji mwanamume, ananuka gundi ya mbao. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kimekatika nusu."

Nunzia alishika kaunta. Baba yake alikuwa seremala. Kidole kilichukuliwa na msumeno.

"Alisema nini?" aliuliza. "Catello, alisema nini?"

"Alisema, mwambie Shomoro asiniwekee sahani tena. Nimeshiba."

Shomoro. Nje ya nyumba yao hakuna aliyelijua jina hilo. Nunzia alikaa chini, si kwenye kiti, sakafuni, kati ya meza mbili, na Don Mimì akamletea kahawa yenye sukari nyingi, akamshikilia kikombe mwenyewe.

Mchana huo huo alikwenda manispaa akasaini. Wiki iliyofuata walisoma Misa ya wafu, na jina la Eugenio, seremala, likatajwa altareni kwa mara ya kwanza. Nunzia alivaa nyeusi toka kichwani hadi viatuni. Alilia mpaka uso ukavimba, na baada ya kulia alionekana mdogo kwa miaka kumi. Wanawake wa chumba cha mifupa walimbusu Catello mikono. Walimletea mafuvu yao awashikie dakika moja tu. Kamwota marehemu wa mwenzake, jamani, huyo si mtu wa kawaida.

Baada ya Misa wakala nyumbani kwa Nunzia, ghorofa ya nne, chumba kimoja na jiko, cherehani imesukumwa ukutani kupisha meza. Shangazi yake Rafilina, dada wa marehemu, mama mnene mwenye mdomo usio na breki, alikuwa amechemsha mchuzi wa nyama tangu alfajiri. Don Mimì alileta divai. Catello alikunywa vikombe vitatu, na cha tatu ndicho kilichomponza.

"Hebu tusimulie tena, mwanangu," alisema Don Mimì. "Ile ya theluji."

"Inatosha, ale kwanza," Shangazi Rafilina alisema haraka.

"Naam, theluji mpaka hapa," alisema Catello, akionyesha goti. "Na yeye amesimama tu, ametulia. Wala haoni baridi. Amevaa lile koti lake la kahawia, lenye kola ya manyoya..."

Uma wa Nunzia ulisimama hewani.

"Koti gani?"

"Si lile koti lake. La kahawia."

"Hukulitaja koti kwenye simu."

"Nilisahau. Ndoto huja kidogo kidogo."

Nunzia aliweka uma chini polepole, sambamba na kisu.

"Baba hakuondoka na koti," alisema. "Lile koti mama aliliuza wiki ile ile, akaleta unga. Aliona aibu. Aliniambia mimi peke yangu, akiwa anakufa. Baba mwenyewe hakujua, alikuwa amelisahau msumarini. Duniani kuna mtu mmoja tu aliyeambiwa kwamba Eugenio kaenda Urusi na koti lake. Mtu mmoja. Kwa sababu koti lile alilishona yeye, na mama alimwogopa."

Wote walimgeukia Shangazi Rafilina. Alikuwa amesimama na upawa mkononi, mchuzi unadondoka sakafuni.

"Kaliuza?" alisema shangazi. "Koti langu? Lile la manyoya halisi?"

"Shangazi! Ulimwambia nini huyu?"

"Alikuja tu! Alileta keki! Akaniuliza habari za kaka yangu, nikamwambia, kosa? Kidole, gundi, Shomoro... Sikujua atazifanyia nini!" Akaona macho ya Nunzia. "Nilijua kidogo. Una miaka ishirini na tisa, mwanangu! Nikifa leo utabaki na nani, na lile lifuvu?"

Catello alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa na rangi ya chokaa.

"Nunzia, nisikilize."

"Hukuota."

"Nisikilize kwanza."

"Uliota au hukuota?"

"Sikuota."

Nunzia hakupiga kelele, na hicho ndicho kilichomwogofya Don Mimì mpaka akatafuta kofia yake. Nunzia aliichukua sahani ya Catello, yenye chakula, akaenda dirishani, akaitupa. Ilichukua muda kufika chini. Kisha akageuka.

"Mama yangu alikataa kusaini mpaka wakamkatia posho ya vita. Alishona glavu mpaka akapofuka. Alikufa hajasaini. Mimi nimesaini kwa mkono huu, kwa sababu mwanamume alitaka kuoa! Umemuua baba yangu, Catello, upate kitanda!"

"Si kweli! Nilitaka upumzike! Nilikuona unamwekea sahani mtu ambaye..."

"Ambaye nini? Sema!"

"Ambaye amekufa! Amekufa, Nunzia! Kila mtu katika mji huu anajua amekufa, isipokuwa wewe na sahani yako!" Sasa na yeye alikuwa akipiga kelele, mishipa imesimama shingoni. "Ningefanya nini? Nikae mezani kwako miaka mingine ishirini, namtazama mtu asiyekuja?"

"Ungekaa! Au ungeondoka! Uliambiwa uchague kati ya hayo mawili, ukachagua kunidanganya kwa mdomo wa maiti!"

Alimfungulia mlango. Kwenye ngazi majirani wa ghorofa tatu walikuwa wamesimama wakisikiliza, mmoja na mtoto begani, na Catello alipita katikati yao bila kofia.

Wiki sita simu ililia kwenye mkahawa kila siku.

"Mwambie nimekufa," alisema Nunzia.

"Anasema amekufa," Don Mimì alisema kwenye simu. Akasikiliza. "Anauliza umezikwa wapi, alete maua."

"Mwambie yeye ni bingwa, aniote!"

Don Mimì aliirudisha simu mahali pake polepole. Hilo hakulipeleka.

Na Shangazi Rafilina? Hakusemeshwa. Alipika, akaweka sahani mlangoni, akaondoka. Krismasi ilipofika Nunzia alitandika meza, akaichukua sahani ya baba yake kabatini, akasimama nayo mikononi muda mrefu. Akiiweka, ni mwongo, kwa sababu amesaini. Akiirudisha, ni muuaji. Mwisho alikula amesimama jikoni, mkate mkavu, na sahani ikabaki kwenye kiti.

Januari ikaja na habari mbaya. Amri ilitoka kwa wakubwa wa Kanisa: kusemezana na mafuvu ni ushirikina, chumba cha Santa Maria ya Kisima Kikavu kifungwe. Wanawake walipewa Jumatatu moja ya mwisho kuondoa picha na vijumba vyao. Mifupa ibaki.

Asubuhi hiyo foleni ilipinda kona mbili, mitandio myeusi mitupu, na matusi yaliyotoka humo yangemfanya baharia aone haya.

"Washirikina ni wao, na pete zao!"

"Bibi yangu kamtunza huyu miaka arobaini, leo nimwambie nini? Kwaheri, baki na giza?"

Nunzia alishuka na kikapu. Alipofika kwa mwenye ufa alimkuta Catello amepiga magoti, anafungua kijumba kwa bisibisi, taratibu, akiweka skrubu kwenye kofia mpya. Alikuwa amekonda. Ndevu za siku tatu. Suti ya kijivu sasa ilikuwa na nafasi ya mtu wa pili ndani yake.

"Hii ni asubuhi," alisema Nunzia. "Zamu yangu."

"Najua. Nilikuja kukutolea kijumba, ni kizito. Sasa hivi naondoka."

"Usinisaidie."

"Sawa." Hakuondoka. "Nunzia, nilikwenda manispaa. Nilitaka ile hati ifutwe. Nilimwambia karani ukweli wote, kwamba nilidanganya, kosa ni langu. Nilikaa pale siku tatu. Siku ya tatu akaniambia, bwana, hati hii inaweza kufutwa na mtu mmoja tu. Marehemu aje mwenyewe, na kitambulisho."

Nunzia hakujua acheke au alie, na kwa kuwa hakujua, alikasirika zaidi.

"Ulimwambia karani ukweli. Karani! Na hawa?" Alinyoosha mkono kuonyesha wanawake waliojaa humo. "Hawa waliokubusu mikono? Hawa waliokuletea watu wao uwashike? Hao nao uliwaambia?"

Catello alinyanyuka. Alitazama chumba kizima, mishumaa, mitandio, wanawake hamsini na mafuvu yao waliyokuwa wanayaaga. Siku mbaya kuliko zote ya kusema jambo kama hilo. Akalisema.

"Akina mama! Nisikilizeni. Mimi ni Catello, mnayesema niliota. Sikuota. Sijawahi kuota. Yale ya theluji nilihadithiwa na mtu, nikaja kumwambia huyu dada kuwa ni roho imesema. Nimewadanganya nyote. Na huyu," akagusa fuvu, "nimemsingizia."

Mkoba wa kwanza ulimpata sikioni.

"Mlaaniwa! Nilikupa wangu umshike!"

"Unacheza na roho za watu, wewe?"

"Ndiyo sababu wametufungia! Kwa ajili ya waongo kama huyu!"

Walimzunguka. Mikoba, miavuli, shada la maua, rozari nzito ya mbao. Hakuinua mkono kujikinga. Damu ilimtoka juu ya jicho. Hasira yote waliyokuwa nayo kwa wakubwa wasioonekana, sasa ilikuwa imepata shingo ya kuishika.

Nunzia alitazama. Alikuwa ameisubiri picha hiyo wiki sita, na sasa alipoiona haikumpa raha hata kidogo. Alijipenyeza kwa viwiko, akapokonya mwavuli wa mtu, akasimama mbele ya Catello.

"Mwacheni!"

"Si ni wewe uliyedanganywa naye habari za baba yako?"

"Ndiyo ni mimi! Kwa hiyo wa kumpiga ni mimi. Nyie tafuteni wenu!"

Alimkamata tai, akamburuta ngazini kama mbuzi, mpaka nje, kwenye jua kali la Januari. Foleni nzima iligeuka kutazama. Alitoa kitambaa kwenye mkono wa blauzi, akamsukumia usoni.

"Jifute. Unatia aibu."

"Asante."

"Usiniambie asante!" Aliutupa chini ule mwavuli. "Unajua kilichoniuma? Unadhani ni ule uwongo? Uwongo wanaume wote wanao. Ni ile wiki. Nilisaini, nikarudi nyumbani, nikalala. Nililala, Catello! Saa kumi bila kuamka. Sijawahi kulala hivyo tangu nizaliwe. Nikaamka nikasikia njaa. Nikaimba nikiwa nashona. Baba yangu amekufa kwenye theluji, mimi naimba!" Alimpiga kifuani kwa ngumi, si sana. "Halafu nikajua ni uwongo, na hata baada ya kujua, bado najua amekufa. Haliondoki. Nimejaribu kumrudisha, nimeshindwa. Ungeniachia mwenyewe nifike hapo. Hata kama ni miaka kumi. Ilikuwa njia yangu!"

"Ndiyo."

"Usikubali kila kitu!"

"Unataka nikatae?" Sasa na yeye macho yaliwaka. "Nakataa basi! Nilikosea, na ningekuwa na akili ningekwambia usoni mwako, amekufa, nipige, nifukuze, lakini amekufa. Niliogopa. Mimi napanda nguzo za mita kumi na mbili kwenye upepo, na wewe nilikuogopa! Hilo ndilo kosa langu. Kukupenda si kosa, na hilo sitalitubu hata ukinirudisha kwa wale wa mikoba."

Walisimama wakitazamana, wote wawili wanahema. Mwanamke mmoja kwenye foleni alianza kusema kitu, mwenzake akamfinya.

"Sijakusamehe," alisema Nunzia.

"Najua."

"Sitakusamehe Pasaka hii wala Pasaka ijayo. Nitakukumbusha tukiwa mezani. Nitakukumbusha mbele ya wageni. Ukizeeka ukawa kiziwi, nitaandika kwenye karatasi."

"Najua."

"Hii hasira ni kubwa, Catello. Ni ya miaka mingi. Nimeibeba wiki sita nikiwa peke yangu, na nimechoka. Uliianzisha wewe, uje tuibebe wote." Alimrekebishia tai aliyokuwa ameipinda mwenyewe. "Padri yuko sakristiani. Nenda ukaulize tarehe ya harusi."

Catello hakusogea. Damu, jua na mdomo wazi.

"Sasa umesimama nini?" Nunzia alifoka. "Nenda, kabla sijapata akili!"